Meno Ishirini na Mawili

Baiskeli nyingi zilizowahi kupita katika barabara ya Mwanza kwenda Musoma zilikuwa na gia moja tu, na gia hiyo haikuchaguliwa na mtu wa Mwanza wala wa Musoma. Ilichaguliwa kiwandani: Nottingham kwa Raleigh, Shanghai kwa Phoenix, Ludhiana kwa Hero na Avon. Ilifika hapa ikiwa imeshakatwa kwenye chuma, kwa kawaida meno 44 hadi 48 mbele na meno 18 hadi 20 nyuma. Mnunuzi alichagua kengele, keria na labda rangi. Gia aliikuta.

Nimeifikiria sana gia hiyo mwaka huu kwa sababu ninajiandaa kuizunguka Ghuba ya Speke kwa baiskeli: kutoka Mwanza kupitia Kisesa, Magu na Lamadi hadi Bunda, kisha kushika njia ya Kisorya, kuvuka kwa kivuko hadi Ukerewe, na kurudi Mwanza kwa meli kutoka Nansio. Nitabeba hema, maji, sufuria, nguo na vipuri. Mtu anayejiandaa kwa safari ya namna hiyo hukutana na swali linaloonekana la kifundi tu: aweke gia zipi? Nilipolitafutia jibu nilikuta kwamba Ulaya waliligombania kwa miongo mingi, tena kwa hasira, na kwamba watu wa kandokando ya ziwa hili wana jibu lao, ambalo sikulikuta katika historia za baiskeli nilizosoma.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hadithi yote itaelea hewani. Chukua baiskeli yenye meno 44 kwenye sproketi ya mbele na meno 22 kwenye friwili, ile ya nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa mita 2.2 hivi, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 4.4. Toa friwili ya meno 22, weka ya meno 18, na mzunguko ule ule utakusogeza kama mita 5.4. Umeongezewa mita moja, lakini nguvu unayokandamiza nayo pedali lazima iongezeke kwa kiwango hicho hicho. Kwenye tambarare bila mzigo hutaona tofauti kubwa, ila kwenye kilima, ukiwa na gunia nyuma, mita hiyo moja ndiyo itakayoamua kama utaendelea kuendesha au utashuka.

Zamani hata uchaguzi huo haukuwepo. Baiskeli za miaka ya 1870, zile za gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, hazikuwa na cheni. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe, na ukubwa wa gurudumu ulikuwa ndiyo gia. Mwenye miguu mirefu alinunua gurudumu kubwa akaenda kasi. Mwenye miguu mifupi alinunua dogo akavumilia. Thomas Stevens alizunguka dunia kwa baiskeli kama hiyo kati ya 1884 na 1886, akipanda gurudumu la inchi 50. Ukipiga hesabu, kila mzunguko ulimpeleka takriban mita nne, karibu sawa na Phoenix yenye meno 22 nyuma. Milimani alishuka akaisukuma.

Cheni ndiyo iliyotenganisha gia na urefu wa mguu. Hans Renold alipata hataza ya cheni yake ya rola mwaka 1880 huko Manchester, na mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili ya ukubwa unaokaribiana na cheni inayovuta gurudumu la nyuma. Kuanzia hapo mtu aliweza kubadilisha gia kwa kubadilisha kipande kidogo cha chuma chenye meno. Likabaki swali la nani atakibadilisha, na kwa ajili ya mguu wa nani.

Stevens mwenyewe alifika Afrika Mashariki mwaka 1889, akiwa ametumwa na gazeti la New York World kumtafuta Henry Morton Stanley. Ujio wake unaweka pamoja historia mbili ambazo kwa kawaida hazisimuliwi kwa pamoja. Miaka 14 kabla, mwaka 1875, Stanley alifika Kageyi, kwenye ufuko wa kusini wa Ghuba ya Speke, akiwa na mashua yake Lady Alice. Mashua hiyo ilikuwa imetoka pwani ya Bahari ya Hindi vipande vipande, juu ya mabega ya watu, na hapo Kageyi ikaunganishwa na kuingizwa majini. Mpagazi wa misafara ya karne ile alibeba mzigo wa kama kilo 30, siku baada ya siku, na Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa miongoni mwa wapagazi waliojulikana zaidi katika njia zote za bara.

Ninawataja wapagazi kwa sababu nadhani baiskeli ilipofika huku ilirithi kazi yao. Ulaya baiskeli ilirithi farasi: kasi, matembezi ya Jumapili, mashindano, majivuno. Huku ilirithi mzigo. Tofauti hiyo ya urithi inaonekana vizuri zaidi katika ugomvi wa gia.

Ugomvi wenyewe ulitokea Ufaransa. Upande mmoja alisimama Paul de Vivie wa Saint-Étienne, mfanyabiashara wa hariri aliyeacha biashara hiyo kwa ajili ya baiskeli, akaanzisha jarida la Le Cycliste na kuandika humo kwa jina la Vélocio. Mji wake umezungukwa na milima, naye alisafiri na mzigo, siku nzima na wakati mwingine usiku kucha. Hoja yake ilikuwa rahisi: msafiri hukutana na barabara nyingi ndani ya siku moja, kwa hiyo anahitaji gia zaidi ya moja. Upande wa pili alisimama Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwanzilishi wa Tour de France. Kwake yeye gia za kubadilisha zilikuwa za wazee na wadhaifu. Mwanamume mwenye misuli ashinde kwa misuli.

Mwaka 1902 Touring Club de France iliandaa majaribio ya baiskeli milimani, kwenye mlima wa Tourmalet huko Pyrenees. Miongoni mwa waliopanda alikuwamo mwanamke, Marthe Hesse, akitumia baiskeli ya gia za kubadilisha, na habari zake zinasimuliwa mpaka leo kwa sababu alipanda bila kuweka mguu chini. Mtu angetarajia kwamba mjadala ungeishia hapo. Haukuisha. Tour de France ilianza mwaka uliofuata, na washindani wake wakuu walizuiwa kutumia kifaa cha kuhamisha cheni mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo walikuwa na magurudumu yenye meno pande zote mbili: wakifika chini ya mlima wanashuka, wanafungua gurudumu la nyuma, wanaligeuza na kulifunga tena. Mabingwa wa dunia walisimama kando ya barabara na spana mkononi kwa sababu mwenye mashindano aliona aibu kwa niaba yao.

Aibu hiyo sijaikuta Mwanza. Hapa kushuka na kusukuma ni sehemu ya safari. Mtu anatoka na madumu manne ya maji ya lita 20, yaani kilo 80 za maji peke yake, ukiacha uzito wa madumu na wa baiskeli. Anaendesha mahali panapoendeshwa. Akifika chini ya Bugando au Mabatini anashuka, anashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono mwingine, anainama na kusukuma. Hakuna anayemcheka. Baiskeli yake ilikuwa na gia mbili tangu mwanzo: moja ya kiwandani, na nyingine ni nyayo zake mwenyewe.

Ila sitaki kuigeuza gia hiyo ya nyayo kuwa sifa. Nimewahi kusikia, hata kwa watu wenye nia njema, kwamba Msukuma hahitaji gia kwa sababu ana miguu ya chuma. Kauli hiyo ni ndugu wa kauli ya Desgrange, tofauti ni kwamba Desgrange alikuwa akiwasifu watu wanaoshindania zawadi. Kiwanda cha Raleigh hakikukosa ujuzi wa gia. Mmiliki wake, Frank Bowden, ndiye aliyeunda mwaka 1902 kampuni ya kutengeneza gia tatu za Sturmey-Archer, zile zinazofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Gia ya kwanza inapunguza mwendo hadi robo tatu, ya pili inauacha ulivyo, ya tatu inauongeza kwa theluthi. Nusu karne baadaye, wakulima wa pamba wa Usukumani walipoanza kununua baiskeli kwa wingi, teknolojia hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa Uingereza. Nyingi ya baiskeli zilizowafikia wao zilikuja na gia moja.

Miaka hiyo ya pamba inastahili kutazamwa kwa karibu. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Jimbo la Ziwa ikapata njia ya kwenda baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walikuwa na lalamiko moja kubwa kuliko yote: mizani. Aliyenunua pamba ndiye aliyeipima, na mkulima aliyeleta mzigo wake kwa kichwa au kwa baiskeli hakuwa na njia ya kujua kama kilo zilizotajwa ndizo kilo alizobeba. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo na nyingine vikakua vyama vya msingi vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Katika muda mfupi ushirika huo ukawa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika.

Kila nikisoma habari za mizani ile naifikiria friwili. Wakulima walikataa kwamba uzito wa pamba yao usomwe na mtu mwingine. Fedha ya pamba ikaleta bati, cherehani na baiskeli, na kwenye baiskeli uzito huo huo ulikuwa umeshakadiriwa na mtu mwingine, mbali, aliyemfikiria mpanda mmoja aliyekaa wima kwenye barabara nzuri. Meno 18 nyuma ni gia nzuri sana kwa mtu huyo. Kwa gunia la pamba kwenye mchanga wa Kwimba ni gia ya mtu mwingine.

Kwa haki, gia moja ilikuwa na hoja zake, na hoja hizo ndizo zinazonisumbua hata mimi leo. Ina vipande vichache. Vumbi haliiui. Cheni yake, yenye nafasi ya nusu inchi kutoka pini hadi pini na upana wa moja ya nane ya inchi, ni ile ile kwa Mwingereza, Mchina na Mhindi, ndiyo maana fundi anaweza kumtibu Hero kwa kiungo cha Phoenix. Miaka ya mwanzo ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni na maduka yakakauka, usawa huo wa vipimo uliziokoa baiskeli nyingi, zikiwamo Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini. Gia tatu za ndani ya kitovu zingedai vipuri ambavyo havikuwepo.

Kwa hiyo jibu la huku halikutoka kiwandani wala kwenye jarida. Lilitoka chini ya miembe, kwa mafundi. Baiskeli mpya ikishanunuliwa kwa kazi ya mizigo, friwili yake inatolewa na nyingine yenye meno mengi zaidi inawekwa. Kutoka meno 18 hadi 22 cheni inapungua kama pingili mbili. Fundi anaziongeza kutoka kwenye mabaki ya cheni nyingine, anarekebisha gurudumu kwenye nafasi yake ya nyuma, anazungusha pedali kwa mkono akisikiliza. Kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Mpanda ametoka mita 5.4 hadi 4.4 kwa kila mzunguko, na vilima kadhaa kati ya nyumbani kwake na sokoni vimehama kutoka upande wa kusukuma kwenda upande wa kuendesha.

Friwili hizo zilibeba sehemu kubwa ya uchumi wa ziwa: samaki kutoka kwenye mialo kwenda barabarani, mkaa kuingia mjini, maziwa, magunia ya mpunga. Zilibeba watu pia. Katika miji ya Usukumani kama Shinyanga baiskeli ya abiria iliitwa daladala, jina la basi likapewa magurudumu mawili. Upande wa kaskazini wa ziwa, mpakani mwa Kenya na Uganda huko Busia, baiskeli za kuvusha watu na bidhaa ziliipa dunia neno bodaboda. Pikipiki za bei nafuu zilipofika kwa wingi katika miaka ya 2000 zilichukua jina na abiria. Mzigo mzito, wa mtu asiyemudu mafuta, ulibaki kwa baiskeli.

Mbunifu Mmarekani Tom Ritchey alipoizuru Rwanda mwaka 2005 aliona wakulima wakishusha mizigo milimani kwa baiskeli za mbao, akarudi kwao na kubuni baiskeli ndefu ya chuma, yenye gia, kwa ajili ya kubeba kahawa. Katika historia yote hii ndefu, huo ni mfano nadra wa mtu mwenye kiwanda kuanza na kilima na mzigo wa mkulima, kisha ndipo ahesabu meno.

Nilikwenda Igoma kwa fundi mmoja wa rika la baba yangu nikiwa na karatasi iliyojaa hesabu. Nilimwamkia, nikamweleza safari, nikaanza kumsomea uwiano.

"Unabeba nini?" akanikatiza.

Nikamtajia vitu.

"Hivyo ni vitu. Nauliza kilo."

"Kama 25, mzee. Na maji."

"Na upepo wa mchana unautokea wapi?"

Sikuwa nimeuandika upepo kwenye karatasi. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na njia inayozunguka ghuba inageuka mara nyingi, kwa hiyo kuna saa utakusukuma na kuna saa utakuzuia kama kilima kisichoonekana. Fundi aliinama akaendelea na kazi yake ya kunyoosha rimu. "Usipange gia ya asubuhi," akasema. "Asubuhi kila gia ni nzuri. Panga ya saa tisa mchana."

Vélocio angemwelewa bila mkalimani. Gia ya safari ndefu hupangwa kuanzia saa mbaya kuliko zote: kilima cha mwisho, maji yamejaa, magoti yamechoka. Wakimbiaji huanza na gia nzito kabisa, ile ya kushinda mbio. Msafiri huanza na nyepesi kabisa, na nzito itajipanga yenyewe.

Nyepesi kiasi gani? Mpaka wa chini ni mwendo wa miguu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa siku kadhaa kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na sehemu kubwa ya njia yangu ni ya upande huo huo wa ziwa. Mtembeaji mzuri anakwenda kilomita tano kwa saa. Baiskeli ikienda polepole kuliko hapo inaanza kuyumba, na mzigo ni afadhali usukumwe. Kwa hiyo natafuta gia ambayo, pedali zikizunguka mara 60 kwa dakika, itanipeleka kilomita tano na kidogo kwa saa. Kwenye gurudumu la inchi 26, lenye mzingo wa mita 2.05 hivi, meno 24 mbele na 34 nyuma yanatoa mita 1.45 kwa mzunguko, yaani kilomita 5.2 kwa saa. Phoenix ya meno 44 kwa 18 ingeniomba kilomita 19 kwa saa kwa mizunguko hiyo hiyo. Kati ya namba hizo mbili ndipo watu walipokuwa wakishuka na kusukuma.

Uamuzi wangu basi ni huu. Nimenunua fremu kuukuu ya mtumba, ya chuma, yenye nafasi ndefu ya ekseli nyuma ili gurudumu liweze kuvutwa na kukaza cheni. Mbele ina sproketi tatu, za meno 24, 34 na 42. Nyuma nimeweka friwili ya kukaza kwa nati, yenye sproketi saba, ndogo meno 14 na kubwa 34. Kuna mifumo ya kisasa zaidi, yenye sproketi 11 au 12 nyuma, myepesi na mizuri. Nimeiacha kwa sababu haikai kwenye nati ya zamani. Friwili yangu inakaa kwenye nati ile ile inayotumiwa na friwili za Phoenix na Hero, na hilo kwangu lina thamani kuliko sproketi tano za ziada.

Maana yake ni kwamba kifaa cha kuhamisha cheni kikivunjika Lamadi, safari haitaishia Lamadi. Fundi yeyote wa pale ataifungua friwili ya sproketi saba, ataweka ya sproketi moja, atanipa cheni pana ya kawaida iliyokatwa kwa kipimo, na atalivuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze. Nitakuwa na meno 34 mbele na 22 nyuma, mita 3.2 kwa mzunguko. Vilima vidogo nitaviendesha. Vikubwa nitavisukuma, kama walivyovisukuma wengine.

Friwili hiyo ya akiba nimeinunua Igoma, kwa fundi yule yule. Nilipomuuliza kama meno 20 yasingetosha, kwa kuwa ni ya dharura tu, alifungua droo, akatoa ya 22 na kuifunga kwenye gazeti. Iko chini kabisa ya begi, pamoja na pingili sita za cheni.